Mwaka Niliokatazwa Kunuka

Majira ya baridi yaliyopita, kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi hapa Berchem-Sainte-Agathe, walituletea mkazi mpya wa chumba cha kumi na nne. Faili lilisema: miaka themanini na minane, mjane, nyonga imevunjika, anapenda dirisha liwe wazi. Jina sikulisoma. Kazi hii nimeifanya muda mrefu, na majina huwa nayasoma baada ya kumwona mtu, maana jina halikuambii kama mwenyewe anashukuru au anang'ata. Nikaingia na beseni la maji moto, taulo begani. Chumba kizima kilinukia eau de cologne, kana kwamba chupa imemwagika. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha magurudumu akiangalia nje, shingo nyembamba, nywele nyeupe zimebanwa kwa chanuo la pembe, na chanuo lile ndilo nililolitambua kwanza. Akageuka. Akatazama viatu vyangu, aproni yangu, mikono yangu, mwisho uso. Akasema kwa Kiswahili cha Kivu, kile ambacho wakoloni wa zamani wamezeeka nacho huku Brussels, "Furaha? Ni weye? Furaha wa ile shati?"

Miaka ishirini na sita ilikuwa imepita. Watu wengine hukumbukwa kwa sura zao au kwa wema wao. Mimi nilikuwa Furaha wa shati. Nikaweka beseni chini polepole ili maji yasimwagike, nikasema, "Ndiyo, Madame Josée. Ni mimi." Nilitamani kutoka nje na kumwomba mwenzangu abadilishane nami zamu, na ningeweza, hakuna ambaye angeniuliza. Sikutoka. Nilitaka kuona kama ataomba msamaha, na nilitaka nimnyime. Ndivyo nilivyokuwa nimeukunja mwaka ule na kuuweka moyoni: kwamba siku moja watu wa nyumba ile watakuja mikononi mwangu, nami nitakuwa na kitu cha kuwanyima.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na minne na karatasi moja tu, nayo ilikuwa ya kuniambia niondoke nchini. Asubuhi nyingi nilikuwa nimepanga foleni chini ya ile minara ya ofisi karibu na stesheni ya Gare du Nord, nimejibu maswali, nimeambiwa hapana. Mwanasheria wangu alisema umebaki mlango mmoja. Maombi mapya yaingie kabla Oktoba haijaisha, na ndani yake iwemo barua ya Mbelgiji anayenifahamu, anayesema kwamba ananiajiri na anasimama nyuma yangu. Bila barua hiyo, alisema, tusipotezeane muda. Nikatoka ofisini kwake nikihesabu Wabelgiji ninaowafahamu. Walikuwa wawili, mume na mke, na wote wawili nilikuwa nikiwafulia nguo.

Nililala Saint-Gilles, kwenye mojawapo ya zile nyumba ndefu za zamani zilizokatwakatwa vyumba, mwendo wa dakika kumi kutoka Gare du Midi. Ghorofa ya tatu alikaa Maman Régine, mshonaji kutoka Bukavu, mjane mnene wa mikono na mwepesi wa kucheka, na alinipa kitanda nyuma ya pazia, ndani ya chumba kilekile alichoshonea. Cherehani ilikaa chini ya dirisha, vitambaa vilikaa kila mahali, na pini ulizipata hadi kwenye shuka. Kila Jumatano jioni kikundi chake cha sala kilikusanyika, akina maman sita au saba kwa viti vinne, waliobaki wakikaa kitandani kwangu. Kabla ya rozari walikula. Sombe ya majani ya muhogo iliyopikwa tangu mchana, dagaa wa ndakala waliokaangwa mpaka wakalia menoni, fufu, na vitunguu vingi kwenye mawese. Harufu ile ilishuka ngazi mpaka mlango wa chini, ikaingia kwenye koti langu na kwenye nywele zangu, na mimi wala sikujua kama ni harufu, kama vile mtu asivyojua anavyokoroma. Maman Régine ndiye aliyenitafutia kazi. Alikuwa amemshonea Madame Josée mapazia, akamwambia, "Niko na mutoto mumoja kwangu, anafua vizuri, na haibe."

Nyumba yao ilikuwa huku huku Berchem, kwenye mtaa mtulivu, yenye bustani ndefu na mti wa peasi mwishoni. Monsieur Edgard, mumewe, alikuwa na miaka sitini na sita. Ujana wake wote aliutumia Masisi akisimamia ranchi ya ng'ombe, mpaka walipofukuzwa, na ukutani mwa korido alikuwa amepanga pembe za nyati na swala kama wengine wanavyopanga picha za wajukuu. Alipenda nimwite Bwana, kama wafanyakazi wake wa zamani. Nilimwita Monsieur, na sote wawili tukajifanya hatuoni tofauti. Alikuwa na rafiki wa enzi zile, jina lake Willy, ambaye alihamia Amerika akanunua ranchi kusini mwa Texas, nchi ya joto na vichaka vya miiba, yenye kulungu wa aina ya huko, pembe zao zina matawi. Willy alikuwa amemwalika kwa mwanzo wa msimu, wiki za kwanza za Oktoba, wakati huko wanaruhusu upinde tu na bunduki bado zimefungwa kabatini. Monsieur alikuwa amewinda kwa bunduki maisha yake yote. Kwa bunduki, alisema, hata mjinga anaua. Kwa upinde unamsogelea mnyama mpaka unamwona kope, na yeye alitaka kufanya jambo hilo mara moja kabla hajafika sabini. Hapa Ubelgiji kuwinda kwa upinde ni marufuku, hata yeye asingethubutu, basi alijifunza bustanini kwa kulungu wa sponji.

Nilianza kazi Aprili, na tangu Aprili nyumba ile ilikuwa na shughuli moja tu. Upinde wake haukuwa ule wa porini kwetu. Ulikuwa chuma chenye vigurudumu kwenye ncha zote mbili, na uzi wake aliupaka nta kila Jumamosi. Alichomeka vijiti kwenye majani: mita kumi, kumi na tano, ishirini. Zaidi ya hapo hakujali, maana vichaka vya kule, alisema, havikupi nafasi ya mbali. Alisimamisha kibanda cha kitambaa cha kuvizia, akakaa ndani yake juu ya kigoda na kupiga kutoka dirishani, kwa sababu kule angepiga akiwa ameketi. Alibandika vipande vya sufu mahali mshale unapogusa chuma, ili usitoe mlio wowote. Kazi yangu, baada ya kufua, ilikuwa kuchomoa mishale kwenye sponji na kumrudishia. Nikaujua mkono wake kuliko mkewe alivyoujua. Mwezi wa Mei mishale ilienea upana wa sinia. Mwezi wa Julai, upana wa sahani. Mwezi wa Agosti ungeweza kuifunika kwa kisosi. Huyu atapata, nikajiambia. Sponji haikutazami, lakini hilo sikulifikiria wakati ule.

Julai ikaja na joto lake, na hapo ndipo mazoezi yalipopamba moto. Saa nane mchana alivaa kila kitu: shati la mikono mirefu, suruali nzito, viatu vya kuzuia nyoka vinavyofika magotini, glavu, wavu usoni, akajifungia kibandani saa mbili nzima na chupa moja ya maji, bila kukohoa. Madame alisimama dirishani mwa jikoni, bakuli la maharagwe mkononi. "Edgard, utakufa mule!" Sauti ikajibu kutoka kwenye kitambaa, "Kule iko digrii arobaini, Josée! Hapa haiko joto, hapa iko mazoezi!" Nilicheka siku ile, na Madame akacheka, na ninakumbuka niliona kwamba si watu wabaya. Nasema hivyo kwa sababu ilikuwa kweli siku ile.

Lakini jambo kubwa kuliko upinde lilikuwa pua. Kulungu, alinieleza Monsieur, unaweza kumdanganya macho na hata masikio, pua yake huidanganyi. Kwenye joto jasho linapanda, upepo unalibeba, na mnyama anageuka hata kabla hujamwona. Basi nyumba nzima ikakatazwa kunuka. Kitunguu kikaondoka jikoni, kitunguu saumu kikafuata, kukaanga kukaisha. Walikula viazi vya kuchemsha na kuku wa kuchemsha mwenye rangi ya mgonjwa. Madame alikabidhi chupa yake ya eau de cologne mwezi wa Agosti, ikafungiwa kwenye kabati la gereji. Nguo za mawindo nilizifua peke yake kwa sabuni isiyo na harufu, nikazisuuza mara tatu, nikazianika chini ya mpeasi mbali na moshi wa mtu yeyote, nikaziweka kwenye sanduku la plastiki lenye mfuniko. Na mimi mwenyewe? Siku ya tatu tu ya kazi yangu Monsieur alinisogelea, akavuta pumzi mara mbili, akatikisa kichwa. "Furaha, unanuka samaki. Hapana kasirika, nasema kweli tu. Nyama iko na pua." Tangu siku hiyo niliacha koti langu gerejini kwenye msumari, nikaosha mikono mpaka viwiko, nikafunga nywele kwa kitambaa, nikavaa joho la bluu la kwao. Agosti akaongeza sharti: Jumatano nisile kwa Maman Régine. Nikaketi katikati ya akina maman na mkate wangu mkavu, sombe ikipita mbele ya macho yangu. Maman Régine akaweka kijiko chini. "Ule muzungu anataka kukuoa? Ju naona anakuchunga mpaka ndani ya tumbo." Wote wakaangua kicheko. Nilicheka pia, huku nikiona aibu, na aibu yenyewe sikujua niione kwa nani.

Nilivumilia kwa sababu ya barua. Madame alikuwa ameipiga chapa mwenyewe, jina langu bila kosa, kazi yangu, maneno ya kunisifu, na chini mstari wa nukta ukingoja sahihi. Ilikaa kwenye droo ya meza ya Monsieur, chini ya kisanduku cha vyembe vya mishale, vile vyenye wembe. Kila nilipofuta vumbi niliivuta kidogo nikaitazama. Nilimwomba mara tatu. Mara ya tatu aliniketisha, jambo ambalo hakuwa akilifanya, akaniambia, "Muwindaji hapana funga maneno mbele ya kuwinda. Watu yangu ya Masisi walinifundisha. Kwanza nyama, kisha karatasi. Nikirudi, nasaini siku ileile." Mimi ni mtu wa upande uleule, na mwiko huo sikuwahi kuusikia. Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nikainama.

Wiki iliyofuata nilikuwa nikipiga pasi chumba cha pili, mlango uko wazi kidogo, naye yuko kwenye simu na Willy. Wakiwa wawili walipenda kuongea Kiswahili, nadhani kiliwarudishia ujana. Akasema, "Ule mutoto? Anafua vizuri sana, Willy, nguo iko kama maji. Eh non, sijasaini. Nikisaini leo, kesho anapata kazi ingine, na miye nabaki na nani? Après, siku ingine." Pasi ikaganda mkononi mwangu mpaka nikasikia harufu ya kitambaa kuungua. Ilikuwa foronya, haikuwa nguo ya mawindo, nashukuru. Nilipaswa kuondoka siku ile. Leo namwona yule msichana amesimama na pasi yake na natamani kumsukuma mgongoni atoke. Lakini nilikuwa nimehesabu Wabelgiji wangu, na hakuwapo wa tatu. Nikajiambia: akipata kulungu atafurahi, na mwenye furaha husaini.

Mwanzo wa Septemba mkono wa kushoto wa shati lake ukaanza kuguswa na uzi wa upinde anapoachia mshale. Lilikuwa pana. Akaniambia nimpelekee fundi alipunguze, nikalibeba Jumatano ndani ya mfuko uliofungwa, nikampa Maman Régine. Akalipitisha kwenye cherehani kwa dakika kumi, kazi safi, huwezi kuona mshono. Wakati anakata uzi nikamweleza yote, barua, droo, simu. Sikuwa nimepanga kulia. Akina maman waliweka sahani chini. Maman Régine akasema, "Donc anataka nyama?" Nikasema ndiyo. "Mbele ya karatasi?" Ndiyo. "Bon. Basi tumuombee nyama." Akatandika shati mezani kama mtoto anayevalishwa, wote wakaliwekea mikono, wakasali kwa sauti ya kutikisa dirisha, Mungu amfungulie muzungu huyu njia ya porini na ya kalamu. Kisha akatoa kwenye kabati kichupa chake cha mafuta ya zeituni yenye marashi ya waridi, aliyoletewa kutoka kwenye hija. Nikashika mkono wake. "Maman, hapana, nyama wananusa!" Akanitazama kama aliyesikia upuuzi kutoka kwa mtu anayempenda. "Tone moja tu, ndani ya kola. Harufu ya Mungu haifukuze nyama."

Na hapa ndipo penye kosa langu, nalo nalieleza jinsi lilivyokuwa. Nilijua sheria. Nguo ikitoka nje ya nyumba, ifuliwe tena. Asubuhi yake nilisimama mbele ya beseni na shati mkononi, sabuni isiyo na harufu pembeni, na nikashindwa kulitumbukiza. Ningelifua, ningeifua na baraka. Sala za wanawake saba zingekwenda na maji kwenye bomba. Nikanusa kola, nikaona harufu ni ndogo, nikajiambia jua la siku mbili litaimaliza na baraka itabaki. Nikalianika chini ya mpeasi likiwa kavu. Jumapili nilikuwa kwa Maman Régine. Jumatatu nilikuta Madame ameshapanga kila kitu kwenye sanduku, shati juu kabisa. Monsieur akaondoka mwisho wa mwezi, amenyoa, hana harufu kama maji ya bomba, anaimba.

Akina maman walifunga siku tatu kwa ajili ya kulungu wa Texas. Nadhani ni kulungu pekee aliyewahi kufungiwa Saint-Gilles. Monsieur alirudi katikati ya Oktoba, siku ya Jumanne, shingo imeungua, mikono imechanwa na miiba, mikono mitupu. Hakunisalimia. Nilimsikia chumbani na Madame, sauti yake ndogo, mlango umefungwa. Baada ya saa moja akaniita gerejini. Nguo zilikuwa sakafuni. "Nyama walininusa," akasema. "Siku kumi, Furaha. Walikuja, wakasimama, wakakimbia. Kuko kitu ndani ya hizi nguo. Umefanya nini?" Hakuwa na lolote la kunishikia, sasa najua. Alikuwa anapapasa gizani. Lakini wahenga walisema mdomo huponza kichwa, na mimi wangu uliniponza kwa sababu nilikuwa nimelelewa kusema kweli nikiulizwa na mkubwa. Nikapiga magoti kwenye saruji. Nikamwambia: mshonaji, sala, mafuta, tone moja. Nikamwambia sikulifua. Uso wake ukabadilika, na kwa miaka yote hii niliamini kwamba ile ilikuwa hasira. Akainua shati, akanisogezea kola puani. "Nusa!" Nikanusa. Palikuwa na vumbi na jasho la mtu mzima. Nikasema, "Ndiyo, Monsieur, nasikia waridi."

Barua hakuichana. Alisema tu, kwa upole, "Mutu mwenye kunidanganya na nguo atanidanganya na karatasi," akaniambia nichukue koti langu kwenye msumari. Madame alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni unaotokea gerejini, akifuta mikono iliyokuwa mikavu. Nikiwa navaa koti nilimsikia Monsieur tayari yuko kwenye simu. "Willy! Nimejua ni nini! Huwezi amini. Mafuta ya kanisa! Ndani ya kola!" Alikuwa anacheka, cheko la mtu aliyetuliwa mzigo.

Kesho yake ilikuwa Jumatano. Nilipanda ghorofa tatu nikakuta wamekaa, sombe imepakuliwa, na wote wakainuka kuniuliza kama amesaini. Nilizungumza nikiwa nimesimama, sijavua hata koti. Nilimwambia Maman Régine kwamba mafuta yake yameniua. Nilimwambia nilimkataza, akanidharau, kwamba yeye ana karatasi zake na ndiyo maana aliweza kuchezea zangu, kwamba ni mwanamke wa ushirikina aliyejivika rozari. Nilisema haya mbele ya kikundi chake, nyumbani kwake, mimi niliyelala bure nyuma ya pazia lake. Mmoja wa akina maman akaanza kunijibu. Maman Régine akamzuia kwa mkono. Akaniambia, "Basi, mwanangu, weka juu yangu. Miye niko na mabega." Nikakusanya vitu vyangu nikaondoka. Wiki mbili baadaye alinitumia sufuria ya sombe kule nilikohamia, imefungwa kwa kitambaa nilichokijua. Kwetu hata sufuria tupu hairudishwi tupu, unaweka chochote, hata chumvi. Mimi niliirudisha imejaa, vilevile ilivyokuja. Hakutuma tena.

Oktoba ikaisha bila maombi yangu kuingia. Nilikaa miaka sita mingine bila karatasi, nikifua na kusugua kwa watu ambao sikuwaambia jina langu kamili. Mwaka wa tatu mama yangu alifariki Bukavu, nikamlilia kwa simu ya kadi, maana ningetoka nisingerudi. Karatasi zilipokuja zilikuja kwa njia nyingine, na nilikuwa nimechoka mno kuzifurahia. Maman Régine alifariki miaka minne iliyopita. Nilikwenda misani, nikakaa benchi la mwisho, nikaondoka kabla ya komunyo ili nisipeane mikono na mtu. Hata siku ile, Mungu anisamehe, niliwaza: ungeniachia lile shati.

Sasa nirudi chumba cha kumi na nne. Nilikuwa namvua Madame blauzi. Akasema, bila mimi kumuuliza, "Weye bado unafikiri ni yale mafuta?" "Nilinusa ile shati Jumapili," akasema. "Rose. Nilikuwa mwezi muzima sijanusa kitu, unafikiri ningekosa kunusa rose? Nikafua mara mbili, nikaanika. Haikubaki kitu, Furaha. Nilinyamaza ju nilijua kwa nini ulifanya." Nikamuuliza, basi wanyama walikimbia nini. "Hawakukimbia. Siku ya tatu alikuja mukubwa, mita kumi na tano, akasimama kula. Willy alikuwa mbali, hakuona. Edgard akavuta, mikono ikaanza kutetemeka, mushale ukapita juu ya mugongo. Kesho yake tena. Kisha hakuvuta tena, alikaa tu mule kwa kibanda. Aliniambia siku aliyorudi, mule chumbani. Alilia." Nikasema, "Na baada ya kulia akaniita gerejini." Akasema, "Ilifaa ikuwe mutu." Nikamuuliza yeye je, aliyelifua shati kwa mikono yake, aliyesimama mlangoni akiniona nimepiga magoti. "Weye ulikuwa unaondoka," akasema. "Miye nilikuwa nabaki naye."

Hakuomba msamaha. Nilikuwa nimekaa na ule wa kumnyima miaka ishirini na sita, na hakuuomba. Nikamwosha. Mgongo, makwapa, miguu, vizuri, kama ninavyowaosha wote, maana hasira yangu haijui kufanya kazi mbovu. Mwishoni akanyoosha kidole kwenye chupa. "Tia mingi." Nikamtia eau de cologne mpaka macho yakanichoma, nikamvalisha, nikamsogeza dirishani.

Zamu ilipoisha nilipanda tramu mpaka Saint-Gilles. Nyumba ipo, mlango umepakwa rangi, na kwenye kengele majina ni mapya yote. Nilikaa kizingitini mchana kweupe na joho langu la kazi chini ya koti. Nilikuwa na hesabu moja kichwani na haikutaka kunitoka. Monsieur alitetemeka, akatafuta wa kumtwisha, akanipata mimi kwa saa moja. Mimi nilipanda ngazi siku ya pili tu, nikamtwisha aliye karibu, aliyenipenda, na nikamwacha na mzigo ule. Yeye Monsieur angalau alijua kwamba anadanganya. Mama mmoja akaja na mifuko ya sokoni, akaniuliza kwa Kifaransa kama natafuta mtu. Nikamwambia namtafuta mshonaji wa ghorofa ya tatu. Akasema hapa hakuna mshonaji, akaingia, mlango ukajifunga wenyewe. Nikaegemeza kichwa kwenye ule ubao uliopakwa rangi mpya, nikasema kwa sauti, watu wakipita, "Maman, haikukuwa mafuta. Muzungu alikosa tu."